Mpwa Wangu Anacheka Peke Yake

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na mimi si mtu wa kuomba msaada, mimi ndiye niliyewahi kuzima moto wa ghala kwa kofia yangu tu, ila hili limenishinda. Mpwa wangu ni fundi cherehani, mumewe alimwacha miaka mitatu iliyopita, akalia mpaka nikahofia tutamzika, nikaapa mbele ya ukoo mzima kwamba mimi mjomba wake nitamrudishia furaha, nikamtafutia fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamume haswa, nikampa neno langu, na Jumamosi analeta wazee wake. Kumweleza binti, akacheka: "Mjomba, mpe pole zake. Mimi niko sawa."

Nani yuko sawa bila mume? Nikajua kuna mtu anafichwa. Jana nikajibanza dukani kwake nyuma ya magauni yaliyotundikwa kwenye kamba, na mimi nikijificha hata paka hanioni, nikamsikia anaimba, mara kaangua kicheko, nikachungulia, hakuna mtu! Kumbe alikuwa anajishonea gauni, mkono kaushona nje ndani, anajicheka mwenyewe. Akaufumua, akaanza upya, wimbo ukaendelea. Hapo kamba ikakatika, nikaanguka na magauni yote.

"Karibu mjomba," akasema bila kugeuka. "Suruali au koti?"

Mshauri, nilitakiwa nikasirike, lakini kifua kilikuwa chepesi kama mtu aliyetuliwa gunia. Sasa yule fundi nimwambie nini? Na jina langu kwenye ukoo je?

Mjomba Asiyeshindwa

*

Mjomba Asiyeshindwa,

Pole kwa kuanguka. Mpwa wako unampenda, hilo nimeliona. Lakini ulitaka kumpelekea furaha ukakuta anayo, tena imeota ndani mwake bila kukuomba ruhusa, na hicho ndicho kinachokuwasha. Mume aliondoka na nguo zake. Furaha hii hakuileta yeye, wala hakuna atakayeondoka nayo. Binti akitaka kuolewa, ataingia nayo. Asipotaka, atashona nayo.

Leo hii, si kesho, mfuate huyo fundi umwambie ulitoa neno lisilokuwa lako. Usimsingizie binti maradhi, wala usitunge hadithi ya simba njiani. Ukoo nao waeleze ulichokiona kwa macho yako. Hicho kisa ni cha kweli, na kinalishinda lile ghala lako.

Kisha rudi dukani, safari hii kupitia mlangoni, ufunge kamba na kutundika magauni ya watu. Halafu jibu. Uliulizwa suruali au koti.