Mwenye Nyumba Haketi

Jumatatu, 16 Desemba

Hukumu kumi na moja nimechapa leo, vidole vimekufa ganzi! Wote wamevuka mpaka bila karatasi. Hakimu Olivera anashika kichwa: awafunge au awarudishe? Kila siku swali hilo hilo.

Wa mwisho Zmarai, Mwafghani, mwoka mikate. Amri: awe ametoka nchini kufikia Jumatano. Akikutwa baada ya hapo, jela siku tisini, kisha arudishwe. Akamshukuru hakimu. Akanishukuru na mimi! Nani humshukuru karani?

Nyumbani nikamsimulia Vukašin. Mume wangu ni sajini wa polisi wa mpaka, mwaka wa ishirini na mbili huu. Akasema wote warudishwe, jela ni kuwalisha bure kwa kodi yake. Nikamuuliza, warudishwe wapi, na kila jirani kafunga mlango? Eti hilo si swali la sajini. Tumenuniana mpaka sasa.

Jumatano, 18 Desemba

Maharagwe, samaki, ngano tamu. Mama mkwe Persida ananifokea kama mwali. Kesho slava yetu, sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa ukoo, siku ya Mtakatifu Nikola. Sina nafasi ya kuandika.

Alhamisi, 19 Desemba

Mungu wangu, siku gani hii!

Kwenye slava haalikwi mtu. Ajaye amekuja, na haulizwi kitu. Mlango wazi tangu asubuhi, mshumaa unawaka, Vukašin kasimama kama ada inavyotaka — mwenye nyumba hahudumiwi, anahudumia, na haketi.

Saa saba ikaingia familia ya daktari wa mifugo. Nyuma yao — Zmarai! Kafuta viatu, kambusu mama mkwe mkono, kaketi. Nusura niangushe bakuli. Daktari alidhani ni mfanyakazi wa kinu cha unga. Wageni wa kinuni wakadhani amekuja na daktari. Kasisi akamsogezea mkate. Na Vukašin mwenyewe, kwa mkono wake, akamjazia sahani: "Kula, kijana! Unadonoa kama ndege!" Ni mfungo wa Krismasi, nyama hakuna, basi mgeni akala kila kitu. Pombe tu aliikataa.

Mimi tu najua: siku aliyopewa na hakimu iliisha jana.

Ndipo mama mkwe, kwa upole tu: "Wewe wa nani, mwanangu?"

"Wa mwoka mikate, mama. Wa Kabul."

Vijiko vikasimama. Vukašin akanitazama. "Desanka, unamjua?"

"Nimechapa hukumu yake," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya paka.

Mume wangu akainua sinia. "Samaki umemaliza, ndugu? Nikuongeze."

Nikaenda stoo nikalia. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na leo nimempenda upya.

Ijumaa, 20 Desemba

Siku ya pili ya slava. Wageni hawakatiki — nusu wamekuja kumwona Mwafghani tu, wambea wakubwa. Zmarai alilala chumba cha nje. Alfajiri kaoka mikate, mama mkwe anasema tangu azaliwe hajala mfano wake. Kwangu hajawahi kusema hivyo! Haidhuru.

Mkuu wa kituo cha polisi kapiga simu, habari zimemfikia. Vukašin kamjibu maneno mawili: "Nina wageni." Zmarai akavaa koti aondoke, asitupatie taabu. Vukašin akamkandamiza bega. "Kaa! Nikiketi mimi ndipo sikukuu itakapokwisha, na kabla ya hapo mgeni haguswi."

Jikoni nikamchokoza: si ulisema wote warudishwe?

"Nilisema. Na bado nasema. Lakini si kutoka mezani pangu."

Mbishi! Miguu imemvimba, viatu haviingii. Kavaa ndara za marehemu baba yake.

Jumamosi, 21 Desemba

Siku ya tatu. Kwa ada, leo ndio mwisho.

Saa sita polisi wawili getini, vijana wake mwenyewe. Wakavua kofia. Hawakuja kula, wakasema — lakini mlango wa slava huuvuki bila kula. Vukašin kawahudumia amesimama. Yule mdogo kamaliza sahani mbili, akamsifia Zmarai mkate, kisha akaona haya. Nilitaka kumkumbatia.

Mkubwa, Stojadin, akainuka. Kavuta kiti taratibu mpaka nyuma ya Vukašin. "Keti, sajini," akamwambia, karibu kumbembeleza. "Umechoka. Keti kidogo tu."

Hakuna asiyeelewa anachoomba. Zmarai kaweka mikono mezani, hata hatafuni.

Nimekimbilia jikoni, naandika hapa maharagwe yakiungua. Mshumaa umebaki kimo cha kidole. Kupitia mlango naona kiti kinamgusa mume wangu nyuma ya mapaja.

Kashika sinia kwa mikono miwili.

"Nani," anauliza, "nani hajaongezewa?"