Kwa Nini Zuhura Aliacha Shule

Likoni, Mombasa

Kwa dada yangu Mwanaheri, huko Lamu,

Assalaam alaykum. U hali gani, na goti lako je? Mimi kifua kimenishinda. Sidhani kama nitaiona Ramadhani ijayo, kwa hiyo nisikilize.

Juma lililopita mjukuu wangu wa kike alikaa kitandani pangu na daftari lake la masomo ya afya. "Babu, niulize maswali." Nikamwuliza, naye akanieleza waziwazi hedhi ni nini na msichana hujisitiri vipi. Nikageukia ukutani.

Wakumbuka uliponiletea binti yako Zuhura asome, nikiwa mwalimu mkuu hapa. Mwaka ule muuguzi wa zahanati aliomba kipindi kimoja na wasichana wa darasa la saba. Nikamwambia, "Bibi, wasichana wetu wana makungwi wa kuwafunda mambo hayo. Wewe wafundishe kukata kucha."

"Kucha wanajua kukata, mwalimu. Na asiye na kungwi je?"

Nikamfungulia mlango atoke.

Asiye na kungwi alikuwa nyumbani mwangu. Wewe ulidhani mke wangu, Mungu amrehemu, amemwekea kungwi huku. Yeye alidhani umemwekea huko. Mimi niliona haya kuuliza.

Baada ya wiki chache Zuhura alichafuka darasani. Wavulana wakapiga kelele, "Zuhura kakalia wino!" Akaja ofisini kwangu. "Mjomba, nimepasuka ndani. Nitakufa?"

Neno moja lingetosha. Nikainamia karatasi zangu, nikasema, "Nenda nyumbani. Usirudi mpaka uwe safi."

Hakurudi tena. Kila asubuhi nilipomwuliza kama atakwenda shule, alinijibu kwa sauti ndogo, "Sijawa safi bado, mjomba." Nami nikakuandikia kwamba mwanao ni mvivu, hataki kitabu. Ukaja ukamchukua, ukamchapa, ukamwoza.

Dada, Zuhura hakuwa mvivu. Kwa hesabu hakuna aliyemfikia. Nilikudanganya kwa sababu sikuthubutu kukuandikia neno damu, mimi niliyesomea ualimu.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu mzee, na jirani yako mshonaji. Zuhura usimpe salamu zangu. Msomee barua hii yote, mbele ya binti zake. Kisha, ukiweza, mwombe radhi kwa zile fimbo. Ulimchapa kwa kosa langu.

Ni mimi kaka yako mkosefu,
Athmani