Toleo Jipya Liliponiumbua

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza maumivu, na shemeji bado anakoroma vilevile. Sisi huku hatujambo, ila nina jambo. Kwenye simu ungenikatiza kwa maswali nikaishia kudanganya, ndiyo maana naandika.

Unajua huu ni mwaka wa kumi na tisa nikiwa katibu wa ofisi ya shule, kiti kilekile, nikipiga chapa barua za Mwalimu Mkuu. Jumatatu ya wiki iliyopita tuliwekewa toleo jipya la mfumo wa kompyuta. Tangu muhula uliopita tangazo lake lilikuwa likijitokeza kwenye skrini, nami kila mara nabofya “baadaye”. Mwishowe fundi wetu, tunayemwita Waya kwa wembamba wake, akasema toleo la zamani limefika ukingoni, halitakingwa tena dhidi ya virusi. Alikaa kitini kwangu asubuhi nzima. Aliponirudishia kiti, wenzangu wakasifu rangi. Mimi nilishika kipanya nikakiachia.

Kila kitu kilikuwa kimehama. Kitufe cha kuanzia, kilichokuwa pembeni kushoto, kimeketi katikati. Majalada yangu yamepangwa upya. Wenzangu walinung'unika siku mbili wakazoea. Mimi nilikuwa nikitokwa jasho.

Jumatano akaja mama mmoja kuchukua barua ya uhamisho wa mwanawe. Nikachapisha, nikatia kwenye bahasha, nikampa. Aliifungulia ukumbini. Ilikuwa barua ya kumfukuza shule mtoto mwingine kabisa. Kabla hajafika kwenye jina, alikuwa amekwisha kukaa chini sakafuni. Alipofika kwenye jina, akawa amejua aibu ya nyumba ya watu, na kufikia jioni mtaa mzima ulijua.

Mwalimu Mkuu aliponiita, nilijibu bila kupepesa: “Ni huu mfumo mpya, Mwalimu. Umechanganya majalada.”

Waya akaitwa. Alijitetea kwa upole kwamba mfumo hauwezi kubadili barua iliyomo ndani ya jalada. Mwalimu Mkuu hakutaka kusikia. Akamwambia akusanye vifaa vyake asirudi tena. Nilisikia bisibisi zikigongana ndani ya mkoba. Sijui kama alinitazama.

Sijui, dada, kwa sababu sioni. Yapata miaka miwili sasa, katikati ya macho yangu pana ukungu. Naona kingo za vitu, nyuso sizioni. Kupiga chapa si tatizo, vidole vilisoma zamani. Mengine nilikuwa nayahesabu: pembe ya kushoto, jalada la tatu kutoka juu. Siku ile ulipokuja kunitembelea, ukanipungia mkono barabarani nikakupita kama mti, ukageuza ukarudi kwenu na hasira zako, sikukudharau. Niliona heri uniite mwenye maringo kuliko uniite kipofu. Nisamehe.

Nilimkimbilia Waya hadi getini, nikamshika mkoba, nikarudi naye ofisini. Nikasema yote mbele yake. Mwalimu Mkuu akaniuliza kama kweli kwa miaka miwili nimekuwa nikitoa barua nisizozisoma. Nikamjibu ndiyo. Akamwomba Waya radhi.

Kesho yake nilikwenda kwa wazazi wa yule mtoto aliyefukuzwa. Baba alinisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango. Simlaumu.

Kazi ninayo hadi muhula uishe, ndipo wataamua. Waya, ambaye angekuwa na haki ya kunicheka, alikaa tena kitini kwangu akafungua mahali fulani ndani ya toleo hilohilo, na kompyuta ikaanza kunisomea kwa sauti. Kiswahili chake ni cha mtu aliyejifunza jana; “ng'ombe” inamkaba koo. Lakini inasoma, na sasa hakuna barua inayotoka mezani kwangu kabla sijaisikia. Hii yako nimeisikia mara mbili, na mara zote mbili nilitamani kuifuta.

Daktari wa macho amenipa miadi Alhamisi ijayo. Kilichopotea, alisema, huenda kisirudi, kilichobaki tukipiganie. Naogopa kwenda peke yangu. Njoo, dada. Nitakungoja kituoni saa mbili asubuhi. Ukiniona usinipungie mkono, niite.

Msalimie shemeji, na watoto wabusu kwa niaba yangu mmoja mmoja.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba