Siku Niliyoomba Kutoka Baa

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Ukunda tu wazima; goti la nyanya yako limepoa na Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu.

Umeniuliza kama unaweza kunywa bia kidogo kwenye harusi ya rafiki yako, ilhali unatumia dawa za sonona. Mimi pia nilizitumia. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mhudumu wa baa katika hoteli moja ya Diani, na huzuni ilinielemea hata kunyoa ndevu kukawa kazi. Daktari alinipa vidonge, akanikataza pombe. Basi siku nilizotaka kunywa, niliviruka vidonge. Nilijiona mjanja. Wiki chache baadaye nilishindwa kuinuka kitandani.

Nilirudi kwa daktari nikamweleza yote, nikitarajia kufokewa.

"Umefanya vyema kuniambia," alisema. "Tuanze tena."

Siku hiyo hiyo nilimwendea msimamizi wetu, Bi Mwanasha, nikamwomba anitoe baa.

"Nafasi iko jikoni tu, kuosha masufuria. Utaweza, wewe uliyezoea kuvaa tai?"

"Nitaosha, Bi Mwanasha. Nipe leo."

Niliosha mwaka mzima, na sikuruka dawa hata siku moja. Huzuni ilipungua polepole, nikarudi kuwa mtu.

Nenda harusini, mama, ucheze. Wakikumiminia bia, sema unataka soda. Mimi nilipoanza kukataa pombe, sauti ilinitetemeka mara ya kwanza tu.

Babu yako,
Musyoka