Karatasi Isiyopita kwa Mwenye Funguo

Berea, Johannesburg
Jumapili mchana

Wifi yangu Adela,

Natumaini kifua kimekuachia, na mama mkwe anakula vizuri. Mimi na Neema ni wazima wa mwili. Mwezi wa nne huu tangu nimzike kaka yako huku, na bado nabisha hodi nikirudi chumbani, kama alivyofanya yeye. Unakumbuka? Chumba chake mwenyewe, mke wake yumo ndani, na bado anabisha.

Uliniambia kwenye simu, "Saini tu yaishe, urudi nyumbani." Nakujibu kwa barua kwa sababu jambo lenyewe ni la karatasi.

Kaka yako alipoanguka kwenye shimo la lifti, wapangaji walikasirika, wakataka kumfukuza msimamizi wa jengo, yule anayeshika funguo zote. Ndipo ikaundwa kamati ya amani. Siwezi kusema haijafanya kitu. Wakongomani na Warundi wa ghorofa ya tatu walikuwa wakigombania bomba la maji. Kamati ikawapangia zamu, na leo wanasalimiana. Lakini jambo likimgusa mwenye funguo, wajumbe wanakohoa tu.

Wiki jana mwenyekiti wao, Papa Kalonji, Mkongomani mpole, alikuja na karatasi. Inasema marehemu aliuvuta mlango wa lifti kwa nguvu. Wifi, mtu anayebisha hodi kwake? Mlango ule ulikaa wazi wiki nzima, na yeye mwenyewe alimwandikia msimamizi kumwonya.

"Mama Neema, ni amani tu," Papa akasema, akinionyesha mahali pa saini. "Unasinya hapa, inaisha."

Jirani yangu Mama Grace alikuwa akimsuka Neema. "Papa, wewe unakaa chini kabisa. Lifti unaijulia wapi?"

"Mimi napenda watu wasikilizane, mama."

"Na nikiandika maelezo yangu mwenyewe?" nikauliza.

"Andika. Utampa msimamizi, naye atapeleka kwa mwenye jengo."

Nikamwambia nitafikiri.

Jana Neema alikuwa na kazi ya shule: mafanikio na makosa ya Shirikisho la Mataifa, lile baraza lililoundwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ili dunia isipigane tena. Kiswahili anakisikia, kukisoma ndiyo shida, basi nikamsomea daftari ambalo baba yake alifundishia Kasulu. Katikati ya kurasa bado kuna maganda mekundu ya karanga. Uliwahi kumwona akiandaa somo bila karanga?

Ameandika kwamba Shirikisho liliwasuluhisha Uswidi na Ufini waliogombania visiwa, na likawarudisha kwao wafungwa wengi wa vita. Lakini Japani ilipoiteka Manchuria, walituma watu kuchunguza, na Japani ikajitoa kwenye baraza. Italia ilipoivamia Uhabeshi, waliinyima bidhaa kadhaa, mafuta wakayaacha.

"Eish, Mama," Neema akasema, "si ndiyo yanaendesha magari ya vita?"

Chini ya ukurasa, kwa wino mwekundu, ameeleza habari zetu. Mwingereza aliishika Tanganyika kwa dhamana ya Shirikisho. Mtanganyika aliruhusiwa kulipelekea malalamiko huko Geneva, ila barua yake ilipaswa kupitia kwa Mwingereza yuleyule. Pembeni ameweka swali la kuwauliza wanafunzi: "Wewe ungemkabidhi?"

Neema akacheka. "Kama Papa Kalonji: 'Utampa msimamizi.'"

Sisaini, wifi. Jumanne naenda ofisi ya msaada wa sheria, Neema atanitafsiria. Labda namdhania Papa vibaya. Lakini juzi msimamizi alinisimamisha kwenye ngazi, akaniuliza kwa upole mno kama marehemu aliacha nakala ya ile barua ya onyo. Nikasema sijui. Tangu hapo vitu vyangu mezani havikai nilivyoviacha, na funguo zote anazo yeye.

Nakala ninayo. Ilikuwa ndani ya daftari, na chini yake kuna sahihi ya msimamizi kwamba ameipokea. Unamjua kaka yako, hata chaki alikuwa akisainisha watu. Nitakwenda na kivuli chake cha fotokopi Jumanne; yenyewe nakutumia wewe.

Barua hii inaletwa na mdogo wake Mama Grace. Ni mtu mwema, lakini siku hizi hata watu wema nawatazama mikono. Msalimie mama mkwe, na shemeji Tito mume wako, na Mwalimu Rehema aliyefundisha pamoja na marehemu. Mwambie daftari lipo.

Humu ndani utakuta bahasha ndogo. Usiifungue. Nimeifunga kama kaka yako alivyofunga mitihani: nimeandika jina lake juu ya mstari wa gundi, nusu kwenye kifuniko, nusu chini. Tazama kama herufi zinakutana. Zikikutana, iweke kwenye sanduku la mama. Zisipokutana, usimwambie aliyeileta. Nipigie mimi.

Ni mimi wifi yako,
Mama Neema