Mashine Inakohoa Msimu wa Pamba

Jumatatu, 3 Juni

Noah mbili na trekta moja zimeoshwa. Gari la nne likaishia kwenye sabuni. Mashine ya presha inakohoa: maji yanatoka kwa nguvu, yanalegea, yanatoka tena. Mpira unarukaruka mkononi kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Nimemalizia kwa ndoo na brashi, mteja kasimama ananitazama. Aibu.

Malori ya kiwanda cha kuchambulia pamba yanaanza kuja Jumatatu ijayo. Bodi ya lori lazima ioshwe kabla ya kupakia, pamba isishike matope wala oili. Msimamizi wao atakuja Jumamosi kuona mashine ikifanya kazi. Ikimridhisha, kazi ya msimu mzima ni yangu. Isipomridhisha, nimekwisha. Nilikubaliana na mume wangu, Baba Kija, kabla hajaenda Mwanhuzi kwenye ng'ombe zake: mashine ikinishinda msimu huu, tunaiuza, tunarudi Lalago kulima.

Sitaki jembe. Naliandika hapa kwa sababu siwezi kulisema mbele ya mama mkwe, ambaye jembe ndilo lililomlelea watoto.

Jumanne, 4 Juni

Fundi Masanja kaja, kasikiliza, kasema sili, zile pete za kuzuia maji ndani ya pampu. Kwake kila ugonjwa ni sili. Mwezi uliopita zilikuwa sili, tukabadilisha. Nimemkumbusha. Akasema zile zilikuwa feki.

Nikaenda kwa Hamadi, duka la spea karibu na stendi. Ana sili za aina mbili: nyeusi nyepesi, na za kahawia ngumu anazozisifia kama anayeozesha binti. Nimechukua za kahawia. Masanja kazifunga jioni.

Mama mkwe aliniletea uji pale pale kwenye mashine. Tangu aje kutoka Lalago na kiroba chake cha pamba na magunia yake ya mahindi, hakai. Pipa la maji ni lake sasa. Analijaza maji ya lambo kabla sijaamka, hata kuligusa siruhusiwi. Nashukuru. Ningeyafanya yote saa ngapi?

Jumatano, 5 Juni

Bado inakohoa.

Nimegombana na Hamadi kwenye simu. Nimemwita tapeli. Kakata.

Alhamisi, 6 Juni

Masanja kabadilisha wimbo. Sasa pampu nzima imekufa, ninunue mpya, anajua mtu Mwanza. Nikamuuliza kaifungua? Hajaifungua. Nimemshukuru, nimemwambia aende. Alinuna kweli.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimepiga magoti mwenyewe, na spana. Pistoni zote tatu nimezipitishia ukucha, hazina mkwaruzo. Sili za kahawia ziko salama, hata hazijachubuka. Oili safi, haijaingia maji. Sasa huyu anakohoa nini?

Nikafungua vali. Chini ya kila moja, nyuzi nyeupe. Zimejisokota na tope la lambo, zimeizuia isifunge. Vali mbili zimeliwa ukingoni.

Pamba.

Nikaufuata mpira wa kunyonya maji mpaka ndani ya pipa. Chujio langu lilipasuka zamani, nikalidharau. Sasa mdomoni pamesokotwa pamba, safi, iliyotolewa mbegu kwa vidole, ikafungwa na uzi vizuri kabisa. Najua vidole vya nani. Lalago maji ya lambo wanayachuja hivyo, yanakuwa meupe. Kaniona nahangaika na tope, kanisaidia bila kusema.

Nimekaa chini nimecheka. Halafu hasira. Halafu sijui nini.

Ijumaa, 7 Juni

Kwanza msamaha kwa Hamadi. Kanipokea kama hakuna kilichotokea, ila kanitania: tapeli yupo, karibu.

Nilizipanga vali za zamani juu ya meza yake. Akaleta za pakiti tatu. Kwa macho zote ni ndugu. Za kwanza springi ndefu kuliko zangu, nimekataa. Za pili zimeingia vizuri, nikazinyonya kwa mdomo moja moja, na moja ikapitisha hewa. Nimekataa pakiti yote. Hamadi akasema mteja kama mimi angefungua duka lake mwenyewe. Za tatu zimeng'ang'ania ulimi, zote. Hizo hizo. Na chujio la waya, matundu madogo. Nozo ya kurushia maji nimeiacha, tundu lake bado halijapanuka.

Nimefunga mwenyewe. Kumwambia Mama mkwe kulikuwa kugumu kuliko kufunga. Ningenyamaza, nikaitoa ile pamba kimyakimya, kesho angeirudisha. Nikamkuta anapepeta mchele, nikamwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, pamba yako imeingia kwenye mashine. Ndiyo iliyoiharibu."

Alipepeta mara kadhaa.

"Sisi tunakunywa maji yake tangu zamani. Hakuna aliyekufa."

"Mtu ana tumbo, Mayu. Mashine ina vali."

Ungo kauweka chini, kaingia ndani. Hakula na mimi. Moyo unaniuma, lakini nisingeweza kumdanganya mtu anayeamka kabla yangu kwa ajili yangu.

Jumamosi, 8 Juni

Msimamizi kaja na lori chafu kuliko yote, makusudi. Tope jeusi la mbuga limekauka kama saruji. Nikabonyeza. Presha ikasimama, haikuyumba. Tope likatoka vipande vipande. Kapanda kwenye bodi, kapitisha kidole kwenye kona, kakitazama.

"Jumatatu yaje yote."

Baba Kija kapiga simu, anauliza kama atafute mnunuzi. Nikamwambia haiuzwi. Kacheka. Sikucheka.

Mama alisimama mlangoni muda wote wa jaribio.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani tumekaa benchi moja. Nimepika mimi. Kala.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeamka nimekuta pipa limejaa. Nikaenda mbio kutazama mpira, na roho mkononi. Chujio halipo mdomoni. Limefunguliwa, limesuguliwa kwa brashi, linaning'inia kwenye msumari linakauka.

Mama alikuwa anafagia. Hakuinua kichwa.

"Nalo linataka kuoshwa kila siku," kasema. "Tope linakaa kwenye matundu."

"Wabeja, Mayu," nikamshukuru.

Nimelirudisha, nimekaza. Kiroba cha pamba hakipo tena pembeni. Kwenye kigoda changu kuna mto mpya, umeshonwa kwa kanga yake ya zamani, umejaa mpaka umevimba.

Nimeukalia, nikisubiri lori la kwanza.