Mlango na Mulongo

Silanga, Kibera

Kwa Dada Mukhwana mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku. Nina imani goti lako limepunguza kelele, ng'ombe amezaa salama, na yule jogoo wako mwenye matusi bado hajaingia sufuriani. Sisi hatujambo, ukiniacha mimi ambaye tumbo linaendelea kukua na nywele zinaendelea kuhama. Kageha anakusalimu. Anasema mahindi uliyotuma yalifika yakiwa mazuri sana, na kwamba ningekuwa mume wa maana ningekuwa nimekushukuru zamani. Binti yetu Valary anakusalimu pia, na wako wengine wawili wanaokusalimu kwa makelele. Hao nitawafikia.

Najua unajiuliza kwa nini mtu mwenye simu ahangaike na kalamu. Ni kwa sababu simu unaikata, Dada. Barua unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza. Basi keti. Mimi mwenyewe nimeketi.

Mambo yalianza siku Valary aliporudi kutoka kwenye skeni, kabla hajajifungua. Aliingia akicheka, akasema ni wawili. Kageha akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Mimi nikachukua kofia nikatoka. Nilijiambia naenda kununua misumari. Nilipopata akili nilikuwa kule chini kabisa, ng'ambo ya vishamba vya sukuma wiki, nimesimama kando ya bwawa na tope limefika kwenye vifundo vya miguu, nimeshika patasi, na sikujua nimepita njia gani. Mama mmoja aliyekuwa akichuma mboga akaniuliza kama nimepotea ama natafuta samaki. Nikamwambia natafuta samaki. Akaitazama ile patasi, akachukua mboga zake akaondoka haraka. Simlaumu, hata mimi ningeondoka.

Unajua tabia yangu na watoto. Valary alipokuwa mchanga, akilia tu mimi nilikuwa nje. Wapangaji wenzangu wa ploti walinisifu eti ni mchapa kazi, niko kwenye karakana usiku na mchana. Kageha peke yake ndiye aliyejua kwamba nilikuwa natoroka. Sikuwahi kumbeba yule mtoto, hata siku ya ubatizo. Na Baba alikuwa hivyohivyo, unakumbuka? Mtoto wa mtu yeyote akilia, yeye alitafuta koti lake. Tulikuwa tunacheka, tunasema koti la Baba lina masikio. Mimi nilicheka sana, kisha nikakua nikanunua kofia.

Kilichonitisha kabisa ni maneno ya Valary. Jioni hiyo alinifuata akaniambia, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba siku hizi mtoto wa jirani akilia yeye pia miguu inataka kutoka. Aliniuliza itakuwaje wakizaliwa wake, na mumewe Wanzala yuko huko Qatar, na baba wa kumsaidia ni mimi. Hakusema kwa ubaya. Lakini sikulala, Dada. Niliona jambo lililotoka kwa Baba likaja kwangu likiwa limeshaingia kwa mtoto, na linangoja hao ambao hawajatoka tumboni.

Sasa usicheke. Wakati huo nilikuwa na kazi ya kufunga mlango katika chumba cha mama mmoja anayeitwa Waceke, kwenye ghorofa karibu na Soko la Toi. Chini yake kuna zahanati, na nilipokuwa napiga bawaba mtoto akadungwa sindano akalia. Nyundo ikaniponyoka. Waceke aliiokota, akanipa maji, akaniuliza bila haraka jambo hilo limeanza lini. Kumbe kazi yake ndiyo hiyo, kuwatuliza watu mpaka akili inalegea, wanaongea na vidonda vyao vya zamani. Wanaiita hipnotherapia. Mimi nilidhani ni mambo ya sinema, mtu anazungushiwa saa mbele ya macho kisha anabweka kama mbwa. Nilimwambia Kageha nikitarajia anikataze. Akasema niende, na kama nitabweka basi nibweke huko huko.

Nikaenda. Alinilaza kwenye kiti kirefu, akaanza kuongea polepole, sauti ya mtu anayembembeleza ng'ombe asipige teke. Sikulala, naapa. Nilisikia hata wauza mitumba huko chini wakiita wateja. Ila mwili ukawa mzito kama si wangu. Ndipo akasema kwamba mbele yangu kuna mlango, nisiogope, niusogelee.

Kilichofuata sikijui vizuri. Nilijikuta chini ya meza yake, shati limelowa, nimekumbatia mguu wa meza. Fundi mzima. Na hata katika hali ile niliona kwamba aliyeitengeneza meza hiyo alikuwa mlaghai, viungo vyote ni gundi tu.

Waceke akanieleza kwamba nilikuwa nikilia na kurudia neno moja: mlango analia, mlango analia. Akasema wazi kwamba mimi naogopa milango. Mimi, Dada! Nusu ya watu wa mtaa wa Kawangware 46 wanalala nyuma ya milango yangu. Akanipa zoezi la kusimama mbele ya mlango kila asubuhi, kuushika, kuufungua na kuufunga huku navuta pumzi. Nilifanya hivyo pale karakana. Obonyo, yule jirani wangu wa kuchomelea vyuma, alinitazama siku kadhaa kisha akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Fundi, leo mlango umeitikia salamu ama bado mmekosana?" Wateja wakacheka. Nami nikacheka, lakini mkono wangu ulikuwa kwenye komeo na nilikuwa nasikia mtoto akilia upande wa pili wa mbao. Upande wa pili hakukuwa na mtu. Palikuwa na ukuta wa mabati.

Aliyelitegua fumbo hili ni Kageha. Nilipomsimulia, aliacha kuchambua maharagwe akaniuliza kama nilisema "unalia" ama "analia". Nikamwambia Waceke alisikia "analia", akadhani ni hiki Kiswahili chetu cha Nairobi kisichojali ngeli. Kageha akanitazama kama anavyonitazama nikipoteza funguo nilizoshika mkononi. Akasema mlango hauwezi kuwa "analia". Kisha akaniuliza: "Baba Valary, dada yako si ni Mukhwana? Mulongo wake yuko wapi?"

Dada, maharagwe yale sikuyala.

Nilirudi kwa Waceke nikamweleza kwamba kwetu pacha anayetangulia ni Mukhwana, anayemfuata ni Mulongo, na mtoto anayezaliwa baada yao ni Khamala. Maisha yangu yote nimeitikia jina linalosema kulikuwa na wawili mbele yangu, na sikuwahi kuuliza zaidi ya ile habari ya kwamba mwenzako alikufa kwa surua kabla sijazaliwa. Yeye alisema mlango, mimi nikasikia Mulongo. Mama wa watu aliona aibu, akaomba msamaha mara nyingi mpaka nikaanza kumfariji yeye.

Ndiyo maana nilikupigia ile simu. Nilitaka tu kukuuliza kama nilimjua Mulongo. Ukasema, "Ni mimi niliyefunga mlango, Khamala. Umeridhika?" Ukakata. Tangu hapo hupokei. Na Valary alipojifungua ukamtuma mtu aje aseme kwamba hutakanyaga nyumba yenye mapacha.

Nilibaki na simu mkononi. Nilikumbuka nyumba yako nzuri ya matofali, ina pazia kila chumba na hakuna mlango hata mmoja wa ndani. Niliwahi kukutania kwamba dada wa seremala analala kama yuko hotelini kwenye hema. Nilitaka kukutengenezea milango kama zawadi, ukanifokea, nikadhani unadharau kazi yangu. Nilinuna mwaka mzima kwa ajili ya pazia.

Nilienda tena kwa Waceke. Niliogopa kuliko mara ya kwanza, nikamwomba aache kiatu changu kimoja mguuni ili nikitaka kukimbia nisiende mbali. Safari hii hakutaja mlango. Aliniambia tu nitazame nilipo.

Nilikuwa uani kwetu, mdogo, nimeketi kwenye vumbi. Wageni wa kanisa walikuwa sebuleni, wamekuja kumtazama Baba kama anafaa kuwa mzee wa kanisa. Mulongo alikuwa na kifafa, Dada. Nilikuwa nimesahau kabisa, kumbe nilikuwa nimeshazaliwa na nilimwona kwa macho yangu. Nilimwona Baba akimshika mkono, akimwingiza jikoni, lile jiko la nje lenye moto wa kuni. Nikaona mkono wa Baba, wenye ile saa yake ya mkanda wa ngozi, ukiteremsha komeo. Mulongo akaanza kulia. Baba alisimama hapo kidogo. Kisha akaenda kuchukua koti lake, akaingia kwa wageni. Kilio kikaendelea, halafu kikakatika katikati. Wewe sikukuona popote.

Nilipoamka Waceke alinionya sana. Alisema akili ikilegea inaweza kukumbuka na inaweza pia kutunga, na nisiende kumshitaki marehemu kwa sababu ya kiti chake. Nikaona ana haki. Akili kama yangu haifai kuaminiwa hata ikiwa macho.

Basi nikamwendea Mama mdogo Nasimiyu, ambaye bado anauza makaa hapahapa Silanga, kizee lakini masikio makali. Nilimkumbusha kwamba siku ya wageni wa kanisa ndiye aliyekuja kumsaidia Mama kupika. Sikumwambia nilichoona. Nilimuuliza tu Mukhwana alikuwa wapi. Akaanza kupangapanga makaa yaliyokuwa yamepangwa tayari. Kisha akasema ulikuwa naye kisimani. Mlienda pamoja kuteka maji ya chai ya wageni, ukalalamika mtungi ni mzito, akakubebea. Mliporudi mkakuta watu wamejaa jikoni na moshi, na mlango umeshavunjwa. Kifafa kilikuwa kimempata ndani, peke yake, akaangukia mafiga yenye moto. Mama akalia akiuliza nani alifunga. Na Baba, mbele ya wale wageni wote, akasema ni watoto, walikuwa wanacheza, akakunyooshea kidole wewe.

Nilimuuliza Mama mdogo kwa nini hakusema. Alinijibu kwamba yeye alikuwa msichana aliyekuja kupika katika nyumba ya watu, na mwenye nyumba ameshasema. Baadaye akasikia umeungama mwenyewe, akadhani labda watu wazima walijua kitu asichojua. Kisha akalia, Dada, na machozi yake yalitoka meusi kwa vumbi la makaa. Nilimshika mkono. Sikutoka nje.

Kwa hiyo ninachokuandikia ni hiki, nakiandika polepole ili nisikosee hata herufi. Hukufunga. Uliambiwa ukiwa mtoto kwamba ulifunga, ukaambiwa na mtu mzima mwenye saa, ukaamini. Ukaamini mpaka ukajenga nyumba ya pazia. Ulikuwa kisimani. Mama mdogo yuko tayari kukuambia kwa mdomo wake, na simu yake, nakuomba, usiikate.

Kuhusu Baba sijui niseme nini. Nimemkasirikia, halafu namwona akitafuta lile koti kila mtoto alipolia, miaka yote ile, na hasira inapotea njia. Wewe ukitaka kumkasirikia, kasirika. Una haki kuliko mimi.

Watoto wa Valary ni msichana na mvulana. Msichana alitangulia, ana mdomo kama wako. Majina ya nyumbani hawajapewa, kwa sababu hakuna aliye tayari kutamka la pili na shangazi mkubwa hajafika. Leo Kageha amempeleka Valary kwa daktari kuangaliwa mshono, na wameniacha peke yangu na hawa wawili. Ni mara ya kwanza. Kageha aliuliza kama nitaweza, nikasema bila shaka, kisha akauliza kofia yangu iko wapi, akaondoka nayo. Mlango nimeuacha wazi na nimeuegemezea jiwe. Naandika haraka kwa sababu naogopa, nisikudanganye. Jasho linadondokea karatasi. Mvulana amejinyoosha sasa hivi. Amekunja uso. Ngoja.

Nimerudi. Utanisamehe mwandiko umekuwa mbaya zaidi. Huu ni mkono wa kushoto. Wa kulia umembeba. Ni mwepesi kuliko nilivyofikiri, na analia sikioni kabisa, na miguu yangu inataka kwenda lakini nimeikalia. Nimemwita Mulongo. Hakunyamaza, usidhani ni muujiza, anaendelea kupiga kelele kama kondakta. Ila nimelitamka, mtoto ameliitikia kwa njia yake, na paa halijaanguka.

Njoo, Dada. Njoo uwaite wote wawili kwa mdomo wako. Nitakupokea stendi mwenyewe, na ukitaka nitang'oa kila mlango wa nyumba hii kabla hujafika, nitundike pazia, Obonyo acheke mpaka achoke.

Wasalimie wote huko nyumbani, na ukipita pale jikoni pa zamani, nisalimie huko pia. Kageha na Valary wanasema mulembe, amani iwe nawe.

Ni mimi ndugu yenu, wewe na Mulongo,

Khamala